Chemchemi Chini ya Ukuta

Chidya,
Jumatatu mchana.

Kaka Lameck,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na leo sisemi hivyo kwa adabu ya barua tu. Nakuomba kabisa uwe mzima, umesimama kwa miguu yako. Wifi Yuster hajambo? Mikorosho ya huko Kitangari imeanza kudondosha? Mimi sijambo, ila naandika mbio, univumilie mwandiko. Anayekuletea ni Huruma wa bodaboda, mume wa Severina jirani yetu. Ningekupigia, lakini simu yako haipatikani tangu jana. Wewe na chaji, kaka, sijui mligombania nini! Safari hii uzembe wako umefanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Unajua nyumba ya Mama iko bondeni, chini ya ukuta wa mgodi wa kinywe, yale madini ya penseli, ninakofanya kazi ya kuongea na wanakijiji. Nyuma ya ukuta ule wa udongo kuna bwawa la tope linalobaki wakishatoa madini. Ukuta ukipasuka, tope lote litashuka bondeni kwa mkupuo mmoja. Sisi tusio wahandisi tulipewa semina. Mhandisi Abdulrazaki alituambia ukuta wa udongo haumfichi mtu anayeuangalia: utaona ufa juu yake, au ardhi imelowa chini yake wakati wa kiangazi. Maji yakichuruzika masafi, toa taarifa siku hiyo hiyo. Yakitoka na uchafu wa ndani, ujue ukuta unaliwa, ondoa watu.

Basi jana baada ya ibada nikapita kwa Mama, akanipa maji ya kunywa. Chini ya kikombe nikaona vumbi jeusi linalong'aa, lile lile ninalolikung'uta kwenye viatu kila jioni. Nikamuuliza maji kayatoa wapi. Akaanza kunizungusha, mara habari za kuku, mara za Severina. Nilipombana ndipo akasema Mungu kamfungulia chemchemi, pale chini ya ukuta, nyuma ya mkorosho wa mwisho.

Kaka, unamjua mama yetu. Kakulia huko juu Newala kusiko na maji, ndoo kichwani tangu utoto, kuteremka bondeni na kiza na kupanda na jua. Mtu kama huyo akiona maji yanatoka ardhini kiangazi hiki, haulizi yametoka wapi. Alifanya kama wanavyofanya wanawake wa huko: alichukua jembe, akalifuata jicho la maji, akachimba likapanuka, akalizungushia mawe. Wenzake wakamsaidia. Wakapatana wasimwambie mtu wa mgodi wasije wakawekewa uzio, na mtu wa mgodi ndiye mimi! Aliniambia shingo yake, iliyobeba ndoo miaka yote, sasa imelipwa. Akasema mwanzoni maji yalikuwa masafi, siku hizi yamechafuka kidogo, nao wakadhani hawajachimba vya kutosha, wakaongeza kuchimba. Nikakiacha kikombe pale pale kwenye mkeka.

Nilimkimbilia Abdulrazaki. Hakubisha wala hakungoja. Alisimamisha mitambo, akaanza kupunguza maji ya bwawa kwa pampu, akaagiza mchanga na kokoto vimwagwe juu ya chemchemi, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Wanawake walipotaka kusaidia kuziba kwa mfinyanzi, akawakataza, maana maji ukiyaziba hapa yanatafuta njia pengine. Kisha akawasha king'ora, akaleta lori, akaomba kila mtu aondoke.

Hakutoka hata mmoja. King'ora wamekizoea, tumekipiga kwa mazoezi mpaka watoto wanakiigiza. Bwanali, mwenyekiti wa kitongoji, alisema tunawafukuza makusudi, korosho zikiwa chini, ili mgodi uchukue mashamba. Mama naye aliniambia mbele za watu kwamba nimekula mshahara mpaka nimelisahau ziwa nililonyonya, akajifungia ndani. Nililia, sikufichi.

Leo asubuhi ufa ukaonekana juu ya ukuta. Abdulrazaki alinionyesha. Nikashuka tena kwa Mama.

Sasa sikia, kaka, na usinilaani kabla hujamaliza. Nilisimama dirishani nikamwambia nimepata habari kutoka Kitangari, Lameck anaumwa sana, anakuita. Basi, sikuongeza. Lakini nani kwetu asiyejua maana ya kuambiwa mtu anaumwa sana, njoo? Nilijua vizuri atakavyosikia. Akakupigia simu, haipatikani. Kile kilio sitakisahau. Bwanali alikuwa wa kwanza kufika. Alinipa pole, akamshika Mama mkono asianguke. Wale wale waliokataa king'ora wakafunga milango, wakabeba unga, masufuria na kuni, wakapanda lori lile lile, maana Mama Lameck hawezi kuachwa azike peke yake. Bondeni pamebaki kuku.

Lori linapitia Masasi kumchukua shangazi Dominika, ndipo lipande Newala, kwa hiyo Huruma atawatangulia. Yeye peke yake ndiye anayejua; hata mke wake aliyemo ndani ya lori hajamwambia. Nakuomba usimngojee Mama ndani. Simama barabarani akuone kabla hajashuka, umwite kwa sauti, moyo wake si wa kuchezewa. Wifi abandike sufuria kubwa. Bwanali atawaka, mwache awake, mpe ugali, mradi asirudi na watu bondeni mpaka nikwambie. Na chaji simu, kaka, nakusihi!

Mimi narudi ukutani, mchanga bado unamwagwa. Ukuta ukienda, watasema niliwaokoa. Ukisimama, nitakuwa binti aliyemlilisha mama yake msiba wa uongo, na sijui kama atanisemesha tena. Niombee usimame.

Mpe pole Mama. Wasalimie wote wanaokuja kukuzika.

Mdogo wako,
Nancy