Mzee Hendrik Aliuliza Kuhusu Kanisa Letu

Bellevue, Jumanne

Bado siamini. Miaka yote niliyofanya kazi nyumbani kwa Mzee Hendrik, hatukuanza asubuhi bila sala. Mwanangu alipolazwa, mzungu yule alipiga magoti jikoni, akamwombea mpaka machozi yakamtoka.

Leo polisi wamemkamata. Gereji ambayo hakutaka niifagie ilikuwa na mabomu. Yeye na wenzake wanaamini Mungu aliwapa wazungu peke yao nchi hii, na kwamba kutuua sisi weusi ni ibada.

Walipomtoa na pingu nilimuuliza, "Na mimi, Mzee? Na mtoto uliyemwombea?"

"Wewe ni mfanyakazi mzuri, Josefina," akasema kwa upole, kama anayeomba chai. "Lakini Mungu ameamuru."

Eish. Afadhali angenitukana.

Afisa mmoja akaniambia kanisa walilotaka kulilipua ni letu, la sisi Wakongomani. Majuzi Mzee aliniuliza ni Jumapili gani tunajaa zaidi. Nikamjibu kwa furaha: Pasaka. Nilidhani anataka kuja kusali nasi. Hata nilimwomba mchungaji amwekee kiti cha mbele.