Mtu Aliyekaa Nyuma Yangu

Mjukuu wangu Amani,

Sisi huku Pajulu ni wazima, na shangazi yako amejifungua msichana.

Unauliza kwa nini kikundi chenu cha baiskeli humweka mwenye nguvu nyuma. Ujanani tulitoka Koboko kwenda Arua kwa baiskeli watu sita, tumebeba tumbaku. Mmoja wetu, mgeni, alikataa kutangulia. Kila nikigeuka, ananitazama. Nikaona huyu anautaka mzigo wangu, nikakanyaga kwa nguvu nimwache.

Kilimani miguu iliniishia nguvu, nikaanguka. Wenzetu walikuwa wameshapotea mbele. Yeye alisimama.

“Chukua tumbaku, usiniue,” nikamwambia.

“Tangu Koboko naona wewe utachoka,” akajibu. “Mimi iko nyuma ili mutu asibaki peke yake.”

Akanisindikiza taratibu mpaka Arua. Aibu ilinizuia hata kumwuliza jina.

Babu yako