Mfuko wa Shati la Baba

Jumapili, jioni

Mfuko ule umenikera wiki nzima. Viraka vyote vya blanketi nililomshonea Mama kwa nguo kuukuu vimelala sawa, kisha pale katikati kuna mfuko wa shati umetuna. Nilisahau kuufumua kabla ya kushona.

Shati lilikuwa la Baba. Nililipata siku tuliyogawana nguo zake baada ya matanga, na nguo ya marehemu hapa kwetu huvaliwa, haikatwi. Dada yangu Nekesa alinionya: "Ukimpelekea Mama hilo, atasema umemkata mumewe."

Leo nimelipeleka blanketi kwa Mama, Malava, hata hivyo. Mama alilikunjua mapajani, akapapasa kiraka kimoja kimoja, polepole, huku mvua ikianza kwenye mabati. Alipofika kwenye shati, mkono ukasimama.

"Ayuma, hili unajua lilikuwa la nani?"

"Najua, Mama. Nisamehe."

Alijifunika blanketi hadi kifuani, akaegemea kiti. Nilikaa pale na aibu yangu, nikisikiliza mvua, mpaka sikujua tena ni saa ngapi. Nikajiona mtoto kanisani, katikati ya Mama na Baba. Mahubiri yakianza, Mama alikuwa anavua miwani ili asinzie, na Baba anaipokea bila hata kumtazama, anaitia kwenye mfuko wa shati.

Usingizi ukaanza kumchukua. Akavua miwani, macho tayari ameyafumba.

"Nishikie," akasema.

Nikanyoosha mkono, lakini miwani ilikuwa imeshaingia mfukoni.