Tangi Limejibu

Jumanne, baada ya Isha

Bado nausikia ule mlio wa tangi.

Mume wangu, Baba Salma, kazi yake ni kusafisha matangi ya mafuta hapa Temeke, na mvuke wa mle ndani umeshawahi kumwangusha. Kila akiingia, mwenzake Athumani hubaki nje akigonga bati, naye humgongea kutoka ndani kumjulisha kuwa yu mzima. Siku hizo mie nyumbani situlii, namwombea dua mpaka arudi.

Leo tumeitwa sie wake zao kuona mashine mpya. Tangini imeingia roboti. Baba Salma kakaa nje kwenye kiti cha plastiki, kavaa miwani mikubwa iliyomziba macho, anaona ya mle kama yumo. Akinyoosha mkono, na roboti inanyoosha wake. Nikamwona kabana pumzi.

"Pumua, braza, uko nje," Athumani akamtania.

Kisha yeye huyohuyo, kwa mazoea, akagonga tangi. Mume wangu akagonga hewani, na tangi likajibu kutoka ndani. Athumani akashusha pumzi, na mtu wake yuko mbele ya macho yake.

Tumecheka njia nzima. Kufika nyumbani nikamuuliza, "Hiyo roboti ikikwama tangini, nani ataingia kuitoa?"

Akasema, "Mama Salma, nipe chai."

Nimempa. Alhamdulillahi kwa kile kiti cha plastiki. Lakini ile dua yangu ya siku za tangi nimeiomba leo kama kawaida, wala siiachi.