Kamera Niliyokuchagulia Jidda

Jidda, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu mpenzi Mwanaesha,

Asalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, nakula na kulala, na dua yangu ni barua hii ikukute hivyo hivyo, wewe na mama yetu na binti zako wawili. Mama magoti yake vipi? Bado anang'ang'ania kupanda darini kuanika samaki mwenyewe, au amekubali kusaidiwa? Na wewe macho yako, yaliyokuwa yakikuwasha kwa kushona, yametulia? Niambie kweli, usinifiche kwa sababu niko mbali. Huku mimi joto tu ndilo linalonisumbua, joto lisilo na upepo, lakini karakana ya bandari ina kazi siku zote na mwenye kazi halalamiki.

Haji Athumani, jirani yetu fundi cherehani, amemaliza hija yake salama, alhamdulillahi. Alinitafuta mpaka bandarini, amevaa kanzu mpya, nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namkunjia kanzu. Dada, alinukia kwetu Kismayu. Sijui ni ule mchanganyiko wa mafuta ya taa na samaki mkavu ulioganda katika mfuko wake, lakini nilisimama pale kama mjinga, siwezi kumwachia.

Ndiye aliyenipa maneno yako. Kwamba tangu shemeji afariki umeshonea watu mpaka macho yanakushinda, na sasa unataka kufungua chumba cha picha pale nyumbani, cha wanawake peke yao. Kwamba mabibi harusi hawataki kufunua nyuso mbele ya mpiga picha mwanamume, na wake za mabaharia wanaombwa picha na waume zao na hawana pa kwenda. Nikutafutie kamera ya chuma, isiyotegemea betri, ya kioo cha ndani kama ile ya baba.

"Kaniambia nisirudi mikono mitupu," alisema Haji, "na mimi dada yako namwogopa kuliko askari wa forodha."

Usiku ule maneno yako yalinirudisha nyuma sana. Nilimwona baba kwenye kile chumba chetu cha mbele, na lile pazia alilochorewa, lenye ndege inayoruka juu ya minazi, watu wa kisiwani Chula wakija sikukuu ya Idi na nguo zao zimefungwa ndani ya mkeka zisirowe. Unakumbuka walivyokuwa wakigombania kusimama upande wa ndege? Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwatengeneza wanawake, unawafunga shela, unawainua kidevu kwa kidole kimoja, na baba anasema, "Muache Esha, ana mkono." Mimi kazi yangu ilikuwa kupunga kipepeo mteja asitoke jasho. Wewe uliingia naye chumba cha giza, ukajifunza kusafisha filamu na kutoa picha majini. Mimi nilikuwa naingia kunusa dawa tu, halafu nafukuzwa.

Na kile kikohozi cha baba! Kamera ile aliyoachiwa na Mtaliana wa shamba la ndizi ilikuwa na mlio kama mlango uliopigwa na upepo. Kioo kikipanda ndani, wateja walishtuka wakafumba macho. Basi baba akabuni kukohoa kwa nguvu kila anapobonyeza, kikohozi kifunike mlio. Mji mzima ukaamini ana ugonjwa wa kifua. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Esha, utakufa kwa kifua cha uongo." Nilicheka peke yangu kitandani mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nina homa.

Mwenzangu huyo ni Bwana Shee, mtu wa kisiwa cha Fuma. Sikuwahi kukwambia habari zake sawasawa, kwa kuwa mwenyewe hapendi zipelekwe kwetu. Ni mkubwa wangu, ana mvi. Kabla mimi sijafika huku, bomba la mvuke lilipasuka katika chumba cha injini ya meli aliyokuwa akiitengeneza, likamuunguza shavu la kushoto mpaka shingoni. Alipona, lakini ngozi ilijikunja, na jicho la upande ule limevutwa chini kidogo. Mkewe, Mwanamkuu, yuko Fuma. Bwana Shee humpelekea nguo, sukari na kila kitu kwa mkono wa kila msafiri, isipokuwa picha. Mwanamkuu ameomba picha mara nyingi. Alichoambiwa ni kwamba mumewe alipata ajali ndogo na kazi ni nyingi.

Siku ya mapumziko tukaenda sokoni pamoja, mimi na Bwana Shee, kwa Mwarabu mmoja Mhadhrami anayeuza kamera zilizoachwa na wahandisi wa kigeni wanaporudi kwao. Duka lake jembamba kama kichochoro, lakini kamera zimejaa mpaka darini. Kwanza akanitolea moja inayong'aa, akaniambia hiyo inafikiri yenyewe, wewe unabonyeza tu.

Nikamuuliza, "Betri ikifa?"

"Inalala. Unanunua nyingine, inaamka."

"Na mtu akiwa Chula?"

"Chula ndiyo wapi?"

Bwana Shee akacheka, akamwambia, "Hapo kwenye kuuliza ndipo ilipo, na betri haziko. Rudisha hiyo kabatini."

Zikabaki mbili, dada, na hizo ndizo zilizonitesa. Zote ni za chuma, zote pazia lake la ndani, la kuingizia mwanga, linafunguka kwa nguvu ya springi, betri iwepo isiwepo. Ya kwanza ni nyeusi, nzito, imepauka pembeni pale mikono ya watu ilipoishika miaka na miaka. Haina sindano ya kupimia mwanga, haina chochote cha kuharibika. Mhadhrami aliisifu akisema, "Ukimpiga nayo mwizi, mwizi atakufa, kamera itabaki." Ya pili ni ndogo, rangi ya fedha, inaenea kiganjani. Ukichungulia ndani unaona mwanga mweupe kama dirisha lililo wazi, na pembeni kuna sindano inayokuonyesha mwanga umetosha au haujatosha. Sindano hiyo ndiyo pekee inayokula betri. Ikifa, kamera inaendelea kupiga.

Bei hazikupishana sana, kwa hiyo mfuko haukuniamulia. Mimi mtu wa karakana, mkono wangu ulikwenda kwenye ile nyeusi. Niliikumbuka kamera ya baba ilivyokufa: chumvi ikala springi, ukungu ukaota ndani ya lenzi kama buibui, na pazia lake la kitambaa likaoza likatoboka, kila picha ikatoka na nyota nyeupe. Nilikumbuka alivyokaa kibarazani ameipakata. Nikasema, safari hii iwe chuma kitupu, kitu cha kumzika mwenyewe. Lakini kila nikiinyanyua ile ndogo, naona vidole vyako.

Mhadhrami alikuwa mtu mwema. Alituruhusu tuzichukue zote mbili tukazijaribu, nikamwachia saa yangu kama amana. Tukanunua filamu mbili za rangi nyeusi na nyeupe tukaenda ufukweni, pale wavuvi wanapotengeneza nyavu.

Nikamwomba Bwana Shee akae nimpige, nione tu kama nyuso zinatoka. Akakataa. Nikamwambia, "Kaka, ni majaribio, picha utazichana mwenyewe." Mwisho akakaa juu ya boya lililopinduliwa.

Nilianza na ile nyeusi. Nilipobonyeza, ikalia. Dada, wallahi ilikuwa ni kamera ya baba! Ule ule mlango uliopigwa na upepo. Nami bila kufikiri nikakohoa. Bwana Shee alishtuka akageuza uso, shavu lililoungua likaenda upande wa bahari. Nikapiga ya pili, akageuka tena kabla hata sijabonyeza, kwa sababu sasa anausubiri mlio. Filamu nzima ikaisha hivyo, namkuta kisogo na sikio.

Nikachukua ile ndogo. Yeye akaniuliza, "We, ulikohoa nini? Una kifua?" Ndipo nikamweleza habari za baba na kikohozi chake. Nilivyofika pale mama aliposema kifua cha uongo, Bwana Shee aliangua kicheko, mikono magotini, kichwa kimeinuka. Nikabonyeza. Kamera ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayeng'ata tambuu. Hakusikia. Akaanza na yeye kunisimulia habari za Fuma, namna mkewe siku ya harusi alivyokataa kutoka ndani mpaka aletewe kobe aliyemfuga, na mimi nikaendelea kupiga, kamera iko usoni pangu mbele yake na yeye hajali.

Picha ziliposafishwa nilikwenda kuzichukua peke yangu. Kwa ukali wa mistari zililingana, siwezi kukudanganya. Lenzi ya ile nyeusi labda ilizidi kidogo. Lakini za ile nyeusi zilikuwa za mtu anayejificha. Za ile ndogo zilikuwa za Bwana Shee. Moja ilinisimamisha barabarani. Uso wote uko mbele, shavu na shingo na lile jicho lililovutwa, hakuna kilichofichwa, na anacheka mpaka magego yanaonekana.

Niliogopa kumwonyesha, lakini picha ni yake. Nilimkuta anafua, nikampa, nikakaa pembeni. Alijifuta mikono kwanza. Akaitazama muda mrefu, akaipeleka dirishani, akarudi nayo. Akaufunika upande ulioungua kwa kidole gumba, halafu akakiondoa. Halafu tena.

"Mchu huyu mbona nilimjua zamani," akasema taratibu, akimwita mtu mchu kwa ile lugha yetu. "Nilidhani kashafariki."

Nikamwambia aichane akitaka, kama tulivyopatana. Akaikunjia ndani ya kitambaa safi, akaiweka chini ya mto, na jioni ile alikuwa anaimba bafuni.

Basi kesho yake nikarudisha ile nyeusi kwa Mhadhrami. Akanishangaa. "Umeacha mlima, umechukua kokoto." Nikamwambia anayekwenda kupigwa ni mwanamke anayefunua uso wake kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, asigutushwe. Dada, huenda nimekosea. Huenda ile kubwa ingeishi miaka mingi zaidi kwenye chumvi yetu. Lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba baba hakuwahi kukohoa kwa ajili ya kamera, alikohoa kwa ajili ya watu.

Sasa sikiliza namna ya kuitunza. Usiifungie ndani ya mkoba wake wa ngozi, ngozi inashika unyevu na kuotesha ukungu. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba, iweke pamoja na soksi iliyojazwa mchele mkavu, na mchele uanike juani kila mara. Kila ukishuka nayo chomboni kutoka baharini, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kisha kikavu. Usiitie mafuta hata akija fundi anayejidai. Hata kama hupigi, bonyeza mara moja moja springi isilale. Betri nimekuwekea mbili. Zikiisha usihuzunike, tazama kivuli cha mkono wako ukutani kama baba alivyokufundisha, jicho lako linapima kuliko sindano. Filamu na dawa za kusafishia Haji amezifunga ndani ya shuka zake. Ameniapia hatazikalia.

Nina ombi moja, nalo si langu. Jana Bwana Shee alinijia na ile picha, imefungwa vile vile. Akasema, "Mpe Haji. Dada yako ampelekee Mwanamkuu mkononi mwake, asimpe mtu mwingine." Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniambia kwamba yeye na mkewe wamekuwa wakifichana; Mwanamkuu naye aliombwa picha akakataa, akasema meno ya mbele yametoka na nywele zimekuwa nyeupe, hataki mumewe amwone hivyo.

Kwa hiyo, ukijaaliwa, panda chombo uende Fuma. Mpe picha, umwache nayo kwanza, usimharakishe. Kisha mpige yeye. Bwana Shee amenituma maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie asifunge mdomo. Mwambie mimi nishatangulia."

Nisalimie mama yetu, umbusu mikono kwa niaba yangu. Nisalimie binti zako, mkubwa na mdogo, waambie mjomba amewawekea vibanio vya nywele ndani ya kofia mpya ya Haji, wavitafute. Nisalimie shangazi yetu wa Chula na mumewe muunda mashua, na mwalimu aliyetufundisha Kurani chuoni kama bado yuko hai. Kama hayuko, Mungu amrehemu, nisomee fatiha kaburini kwake. Na mke wa Haji mpe pole ya kumngojea mzee, mwambie anarudi amenenepa.

Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako na akifungue chumba chako kwa heri.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka, mpunga kipepeo,

Lali