Nyuzi Nne za Dada Saada

Dada Saada,

Leo ni Jumapili, saa nne asubuhi. Nyuzi joto saba, mawingu mazito, upepo wa kaskazini umetulia. Nakupa hali ya hewa kwanza, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa ukinidai kila nilipokupigia simu ukiwa nyumbani: "Salamu baadaye, Hawa. Huko kuna baridi gani?"

Bado nipo mtaa wa Xiaobei, gesti ileile, chumba kilekile cha ghorofa ya pili. Kitanda chako nimekipangia maboksi ya viatu vya watoto, maana sikuweza kukitazama kikiwa kitupu. Mwaka huu sikwenda nyumbani kufunga. Sisi desturi yetu, tangu biashara itufanye ndugu, ilikuwa mzigo wa Idi utangulie, nasi tuufuate kabla mwezi haujaandama. Safari hii nilikuwa peke yangu, kiwanda kikachelewesha nguo, nikaona afadhali nibaki niwasimamie mafundi. Kwa hiyo nimefunga Ramadhani yangu ya kwanza hapa Guangzhou, na Ramadhani hiyo imenifunulia jambo ambalo ungekuwa hai ningekimbia ngazi zote kuja kukueleza. Nimelibeba tangu mwanzo wa mwezi. Nalo linanihusu mimi zaidi kuliko wewe.

Nimelifungua daftari letu la hali ya hewa hapa mbele yangu ili nisiandike kwa kubahatisha.

Unakumbuka ulivyoijua ile ramani ya hali ya hewa bila kusoma hata herufi moja ya Kichina? Kila jioni baada ya taarifa ya habari ulikaa mbele ya runinga ya mapokezi, kanga umeitupia juu ya lile koti la kiume ulilonunua soko la Shisanhang, kidole chako kikishuka na pwani kutoka kaskazini. Alama ya theluji ikitokea Dalian au Qingdao, ulinifinya mkono. "Inaangukia baharini, Hawa! Theluji inaangukia maji ya chumvi!" Yule binti wa mapokezi alidhani tumeona ajali. Halafu unaanza kuhesabu. Leo ipo pwani ya kaskazini, keshokutwa baridi yake ipo Changsha, katikati ya njia, siku ya tatu ipo kwetu. "Changsha ikiwa sifuri, sisi ni nne." Kanuni hiyo hukufundishwa na mtu. Uliipata kwa kukaa na kutazama, jioni baada ya jioni, huku wenzetu wakijadili bei za soko la Zhanqian.

Kisha tunashuka kwenye mgahawa wa chini, kwa yule laoban, mwenye mgahawa, Mwislamu aliyetoka huko magharibi, ambaye tambi zake za supu tulizila bila kuitilia nyama shaka. Pale ndipo ulipotangaza. "Alhamisi, saa mbili asubuhi, nyuzi tano!" Na Alhamisi ikifika wananisubiri niteremke na daftari. Ninasoma: tisa.

Mzee Badi wa Tanga anapiga meza. "Tisa! Bi Barafu, hiyo tano umeisahau Unguja?"

Njoroge naye, na Kiswahili chake cha Nairobi: "Auntie, labda hiyo tano ilikuwa bei ya dazani."

Sharti letu lilikuwa kwamba aliyekosea huwamiminia wenzake chai. Ulimimina chai misimu miwili ya baridi, Dada. Ulicheka nao, ukawajibu, ukamwambia Mzee Badi baridi haimpati kwa sababu ya kitambi. Lakini tukipanda chumbani ulikuwa ukiniuliza kwa sauti nyingine kabisa: "Mbona vidole vyangu vinasema tano?" Nami wa kidato cha nne, niliyefundishwa kuamini kipimo, nikakuonyesha kioo cha kipimajoto chetu, nje ya dirisha la chumba. "Kipimajoto hakina vidole, Dada." Nilijiona nimesema neno la busara sana. Nimelikuta humu. Nililiandika.

Ukurasa unaoniuma ni mwingine. Ni jioni moja ya msimu uliopita, theluji Qingdao, nami nimekaa na kalamu nikisubiri uhesabu. Hukuhesabu. Ulisema, "Andika tu wewe. Mimi nimechoka kukosea." Nikaandika: Dada hakubashiri leo. Basi. Sikukuuliza chochote. Nikaandika mawingu, nikaandika upepo, nikafunga daftari, tukalala. Tangu siku ile hukubashiri tena, na baada ya miezi mitano ikaja faksi kutoka Unguja kwa wakala wa mizigo kwamba shinikizo la damu limekuchukua ndani ya siku moja.

Sasa sikiliza.

Siku ya kwanza ya mfungo, saa nane mchana, kipimajoto kilisema tano. Jana yake saa ileile kilisema tisa. Jioni yake ramani haikuwa na baridi yoyote inayokuja, tena upepo ulikuwa wa kusini. Nikadhani kimeharibika. Baada ya magharibi nikakiangalia: tisa. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile. Joto linapanda jua likizama! Nikawaza, hii ni nchi gani tena?

Siku ya nne nilikaa dirishani tangu alasiri. Karibu na kufuturu nikasikia laoban anainua lile pazia lake la chuma, feni ya jikoni ikaanza kunguruma, na kutoka kwenye tundu lililo chini kidogo ya dirisha letu ukapanda mvuke wa supu ya mifupa. Ulikuja moja kwa moja ukakifunika kipimajoto. Nilinyoosha mkono, ukarudi umelowa na unanukia mdalasini. Zebaki ikapanda mstari mmoja, kisha mwingine, nami naitazama.

Dada, tulikuwa tunapima supu.

Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka nikakumbuka kwamba sina wa kucheka naye. Siku nyingine zote sufuria lile huchemka tangu alfajiri. Ramadhani tu ndipo linapolala mchana kutwa, na kila Ramadhani sisi tulikuwa nyumbani. Wale waliokuwa wakikucheka walikuwa wamekaa pale chini wakinywa kilekile kilichokuwa kikikupinga.

Na nani alikitundika pale? Ni mimi. Wewe ulisema tukiweke dirisha la mwisho la ujia, upande wa kaskazini. Mimi nikasema ni mbali, na kwamba hapa msumari tayari upo. Hilo nalo nimeliandika kwa mkono wangu, wiki ya kwanza kabisa.

Nilirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, nikapunguza nyuzi nne kila mahali. Bashiri zako nyingi zimekaa sawasawa. Chache zimepotea kwa nyuzi moja. Ile ya Jumatatu ya mvua ulikosea kabisa, sitakuficha. Lakini hapakuwa na siku hata moja uliyostahili kuchekwa vile.

Ningeweza kuishia hapo, nikalia kidogo, nikaendelea na viatu. Ila Mzee Badi alikuwa anafunga biashara yake arudi moja kwa moja, ndege yake Jumamosi, na alikuwa amepanga kupitia Unguja kumpa mama yako pole. Tukiwa tunafuturu alisema, kwa mapenzi tu, wala si kwa ubaya: "Nitamchekesha bibi wa watu na zile nyuzi za Bi Barafu. Atafurahi." Mama yako atacheka, na hadithi hiyo ndiyo itakayokaa naye: mwanangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiota baridi isiyokuwepo.

Nikamweleza habari za feni. Akanipigapiga bega. "Mwanangu Hawa, marehemu tunamwombea dua. Hatumtengenezei hesabu."

Nilikuwa na siku nne.

Jumanne jioni ikaonekana. Pwani yote ya kaskazini nyeupe! Runinga ilionyesha bandari, meli zimepauka mpaka kwenye kamba, watu wanaisukuma theluji kwa majembe mapana na kuimwagia baharini, na mawimbi yakipiga ukuta maji yanagandia pale pale kwenye mawe. Mkono wangu ulikuwa ukikutafuta pembeni. Nikamwita Mzee Badi, nikamkabidhi kipimajoto, nikamwambia achague mwenyewe pa kukiweka, popote, ilimradi mbali na jiko. Akazunguka gesti nzima kama mnunuzi wa nyumba. Mwisho akachagua dirisha la mwisho la ujia, upande wa kaskazini. Akagonga msumari yeye.

Alhamisi, Changsha sifuri. Mimi sijawahi kubashiri maishani mwangu, unanijua. Jioni ile mezani nilisimama kabisa, tende bado mkononi. "Kesho, saa mbili asubuhi, nyuzi nne. Haya si maneno yangu. Ni ya Dada Saada."

Njoroge, ambaye hafungi lakini futari haimpiti, akauliza, "Na akikosea, chai anamwaga nani?"

"Mimi."

Ijumaa niliamka pumzi yangu ikionekana humu chumbani. Maji ya ndoo yalikata vidole. Mzee Badi alikuja amejifunika blanketi juu ya kanzu, Njoroge kofia mbili, na laoban naye akapanda bila kuitwa, amekunja mikono makwapani. Nilikataa kusoma. Nilisema asome aliyegonga msumari. Akavaa miwani. Akatazama. Akaifuta miwani kwa blanketi, akatazama tena.

"Kigonge," alimwambia Njoroge. "Huenda kimekwama."

Njoroge akakigonga. Hakikusogea.

"Nne," alisema Mzee Badi, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa kifua kile. Halafu akasema, "Tulimwonea." Akaliomba daftari, akalisoma amesimama palepale penye upepo, kurasa zote za misimu miwili, mpaka Njoroge akakimbilia ndani. Jioni alimnyang'anya laoban birika na kutumiminia wote, mmoja mmoja, hata yule binti wa mapokezi aliyeshuka kuchukua chakula chake.

Aliniuliza amwambie nini mama yako. Nikamwambia amweleze yote: theluji baharini, vidole vyako, supu, na kwamba ni mimi niliyekitundika pale kwa uvivu wa hatua ishirini, kisha nikakiamini kuliko nilivyokuamini wewe.

"Hilo la msumari liache," alisema. "Mama wa watu lamhusu nini?"

"Hilo ndilo la kwanza," nilimjibu.

Jana asubuhi aliondoka. Alikuwa ameshafika chini na mabegi yake, akapaza sauti ngazi nzima isikie: "Hawa! Nitaanza na msumari!"

Nisamehe, Dada. Sikukosea kupima tu. Nilikuona unanyamaza, nikaandika kwamba umenyamaza, nikaridhika kwamba nimeandika vizuri.

Bashiri zako sitazifuta wala sitazisahihisha. Zitabaki na wino wake, na pembeni ya kila moja nimeandika nyuzi ya kweli, ili atakayelifungua daftari hili aone nani alikuwa sahihi na nani alishika kalamu. Nami nakuahidi hivi: sitajificha tena nyuma ya kioo. Jana jioni theluji imetokea tena, safari hii Yantai. Nimehesabu kwa vidole. Nimesema Jumanne, nyuzi sita, nimesema mbele ya watu wote, na Njoroge ameshaanza kunicheka.

Mungu akulaze pema, Dada yangu, mahali ambapo hakuna anayebishana nawe.

Mdogo wako,
Hawa