Kiganja Nyuma ya Nguzo

Kamunyonge, Musoma
9 Machi 1992

Mpwa wangu Werema,

Nakusalimu sana, na naomba joto la hapo Dar es Salaam liwe limekubakiza. Huku tu wazima. Mke wangu Pelagia anakohoa kidogo, ila mdomo wake mzima.

Barua yako nimeisoma. Unaomba picha ya marehemu mama yako. Ngoja kwanza nikupe habari za mjini.

Lile jengo la zamani la halmashauri, lenye matao na kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu, wanalivunja veranda. Siku hizi biashara huria, wanataka vibanda vya maduka. Pale tulipokuwaga tunapanga foleni ya sukari na sabuni, sasa watauza redio. Ujue aliyepiga lipu pale ni babu yako Wanzagi, na lipu kama ile huioni mpaka Bunda. Kiboko alitoka ziwani akaja kujikuna kwenye nguzo. Nguzo haikutikisika, kiboko akarudi anachechemea! Nilimweleza mkandarasi, akaweka nyundo chini anisikilize mimi, mbeba maji wake. Kudura muuza uji akaniuliza mbele za watu kama huyo kiboko aliniachia salamu. Wakacheka mpaka uji ukapoa.

Sasa Werema, picha hakuna. Dada yangu Dorkas hakuwahi kupigwa hata moja, na alipofariki wewe ulikuwa unanyonya. Lakini babu yako alikuwaga na desturi: akimaliza lipu, kabla haijakauka, anabandika kiganja cha mtoto wake mahali palipojificha, ili nyumba imjue. Jumanne tulikuwa tunakwangua chokaa nyuma ya nguzo ya mwisho, kikatokea kiganja. Nikatua ndoo, nikakipangusa vumbi kwa shati langu. Ni cha mama yako. Hapa siongezi chumvi.

Nilimwomba mkandarasi, safari hii bila kiboko. Kukikata haiwezekani, lipu inameguka. Amekubali nguzo ile iwe ya mwisho kuvunjwa, baada ya Pasaka. Kwa hiyo njoo. Pelagia anasema samaki wako, sato, atamchagua mwenyewe.

Wasalimie wote unaokaa nao. Ukifika tutapita nyuma ya nguzo, uweke kiganja chako pale. Chake kidogo, cha mtoto, lakini kidole cha mwisho kimepinda kama chako.

Ni mimi mjomba wako,
Matiko Wanzagi